Biolojia bila labo: kuanzia ufuko wa Tanganyika hadi chupa ya maharagi



Mwanafunzi wa bio-shimi hapa kwetu anaweza kukuchorea amiba akiwa amefumba macho. Anajua kiini, anajua utando wa seli, na maneno yote ya Kifaransa kama yalivyoandikwa kwenye tablo. Lakini umuulize hivi: mbegu ikianza kuota, kinachotoka kwanza ni mzizi ao ni jani? Wengi wanabahatisha. Na mtoto huyo amezaliwa katika familia inayolima maharagi na mpunga kila mwaka.

Sababu tunaijua sote. Shule nyingi za bonde letu la Ruzizi hazina labo wala mikroskopu. Exetat nayo inakuja na maswali ya kuchagua jibu, basi mwalimu anakimbiza programu na mwanafunzi anajaza kaye. Anafika chuo kikuu Uvira ao Bukavu akiwa na diploma ya sayansi, lakini hajawahi hata siku moja kuuliza kitu chenye uhai swali na kungojea jibu lake. Hapo njo anaanza kuteseka na mazoezi ya labo, na wengine wanaacha biolojia kabisa.

Mimi nilisoma biolojia, na sasa ninafundisha saa chache kwenye shule moja ya hapa bondeni. Nataka kueleza kazi mbili zisizohitaji labo: kuangalia wanyama wa ufukoni, na kuotesha mimea. Nitasema namna ya kufanya na sababu ya kila hatua. Hatari pia nitazisema wazi, maana maji yetu si ya kuchezea.

ZIWA LETU NI LA AINA GANI?

Kutoka Sange hadi Uvira ni kama kilomita 30. Kule mwisho wa barabara kuna ziwa ambalo watu wa sayansi wanatoka Japani, Ubelgiji na Marekani kuja kulitazama. Tanganyika ina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Duniani inapitwa kina na ziwa moja tu, Baikal ya Urusi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12.

Umri huo una maana kubwa. Ziwa likikaa mamilioni ya miaka, wanyama wake wanapata muda wa kubadilika na kugawanyika kuwa aina nyingi. Ndiyo maana Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Kuna samaki wadogo wanaotumia magamba matupu ya konokono kama nyumba. Kuna mama anayebeba mayai na watoto kinywani mpaka wakue.

Jambo lingine la kujua: huku kaskazini, hewa ya oksijeni inashuka majini hadi kama mita 100 hivi. Chini ya hapo maji hayachanganyiki na ya juu, na samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo ziwa linaonekana kubwa sana, lakini karibu uhai wake wote unakaa kwenye tabaka jembamba la juu na kandokando ya ufuko. Ukichafua ufuko, umechafua chumba chenyewe wanamoishi.

KAZI YA KWANZA: MAGAMBA YA KONOKONO

Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza J.E.S. Moore alifika Tanganyika mara mbili. Aliona konokono wenye magamba mazito, yenye mistari na miiba, yanayofanana na ya konokono wa baharini. Akawaza kwamba zamani ziwa hili liliungana na bahari. Mwaka 1903 alitoa kitabu kizima juu ya swali hilo.

Baadaye ilijulikana kwamba ziwa halikuungana na bahari. Sasa magamba mazito yalitoka wapi? Jibu moja lenye nguvu linahusu kaa. Tanganyika ina kaa wa kwake yenyewe, na baadhi yao wana makucha makubwa yenye meno butu ya kuvunjia magamba. Konokono mwenye gamba jembamba analiwa. Mwenye gamba zito kidogo anapona na kuzaa. Rudia hivyo vizazi kwa vizazi: konokono wanazidi kuwa na magamba mazito, na kaa nao wanazidi kuwa na makucha yenye nguvu. Baharini mambo ni yaleyale, ndiyo maana wanafanana bila kuwa ndugu wa karibu.

Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuona ushahidi kwa macho yake. Kaa akimshambulia konokono na kushindwa, mdomo wa gamba unabaki umevunjika. Konokono anaendelea kujenga gamba, na pale palipovunjika panabaki kovu: mstari uliopinda usiofuata mistari mingine.

Fanyeni hivi. Okoteni magamba matupu yaliyokauka kwenye mchanga, mbali na mawimbi. Yatengeni kwa sura. Chagueni aina moja iliyo nyingi, mupate magamba 50 ao zaidi. Kila moja lipimwe urefu kwa rula na litazamwe kama lina kovu. Wanafunzi wawili waangalie kila gamba, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe. Tuseme mumepata 60 na 15 yana kovu: hiyo ni robo, asilimia 25. Je, magamba makubwa yana makovu mengi kuliko madogo? Kama ndiyo, kwa nini? Labda aliyeishi sana amekutana na kaa mara nyingi.

Kisha muulize swali la mtego: je, asilimia 25 ina maana kwamba kaa wanakula robo ya konokono? Hapana. Kovu linaonyesha konokono aliyepona. Waliovunjwa kabisa hatuwahesabu, kwa sababu magamba yao ni vipande kwenye mchanga. Mwanafunzi akielewa hilo, ameelewa jambo ambalo hata watu wazima wenye digri wanalisahau: hesabu inasema tu juu ya vile vilivyofikia mkono wako.

Na kama hakuna pesa ya usafiri? Mwombeni mtu anayeshuka Uvira awaletee mfuko mmoja wa magamba makavu, na aandike mahali alipoyaokota. Darasa zima litafanya kazi kwa mfuko huo. Soko la Sange nalo ni labo. Nunueni ndagala na mukeke mmoja. Angalieni vinywa: ndagala anakula viumbe wadogo sana wanaoelea majini, mukeke anamfuata ndagala. Ukimpasua mukeke vizuri, pengine utakuta chakula chake tumboni. Hapo mnyororo wa chakula unatoka kwenye kaye na kukaa mezani.

HATARI: HAPA TUSIFANYE MCHEZO

Sasa tuseme ukweli. Mwalimu asichukue darasa na kuliingiza majini "kutafuta wanyama". Kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, mabwawa, na maji yaliyotulia yenye majani, kuna konokono wa jamii ya Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limejiviringa kama mkanda uliokunjwa. Huyu njo anabeba kichocho cha tumbo, ile bilharzia.

Mzunguko wake uko hivi. Mtu mgonjwa anajisaidia karibu na maji, na mayai ya mnyoo yanaingia majini. Yai linapasuka na kutoa kiumbe kidogo kinachomtafuta konokono. Ndani ya konokono kinaongezeka sana. Halafu wanatoka wengine wadogo wenye mkia, hasa jua likiwa kali, na wanaogelea kutafuta ngozi ya mtu. Wakiipata wanaipenya kwa dakika chache tu, bila jeraha. Wasipoipata wanakufa baada ya siku moja ao mbili. Mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kujua, huku ini na matumbo vinaharibika polepole. Dawa iko, prazikwanteli, lakini ukirudi kwenye maji yaleyale unaambukizwa tena.

Kwa hiyo kanuni za kazi ni hizi:
– Hakuna kuingia majini, hata kwa miguu tu. Tunafanya kazi kwenye mchanga mkavu na mawe makavu.
– Hakuna kushika konokono wa mferejini kwa mkono. Watazameni kwa mbali, muwachore, basi.
– Hakuna kukaribia mdomo wa Ruzizi ao vichaka vya kandoni. Kuna mamba na viboko.
– Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji safi kabla ya kula. Uvira inajua kolera vizuri.
– Wazazi wanaarifiwa, prefe anaarifiwa, na siku njia haiko salama, safari inaahirishwa. Magamba yatangoja.

Na hayo yenyewe ni somo. Mzunguko wa kichocho uko katika programu, watoto wanaukariri. Lakini wakiangalia mfereji wa kwao na kujiuliza "watu wanafua wapi, wanajisaidia wapi, konokono wako wapi?", wanaona mahali mzunguko unapoweza kukatwa. Choo kimoja kilichowekwa mahali pazuri kinakata mnyororo kabla haujamfikia konokono.

SAMAKI WA KASKAZINI MWA ZIWA ALIYEJULIKANA DUNIANI

Kuna watakaosema: haya ni mambo ya watoto, sayansi ya kweli inataka mashine. Basi musikie habari ya samaki mmoja wa huku kwetu, Perissodus microlepis. Anaishi kwa kula magamba ya samaki wengine walio hai. Anakuja kutoka nyuma, anang'oa magamba ubavuni, anakimbia. Mdomo wake umepinda: wengine umepinda kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia anashambulia ubavu wa kushoto, na aliyepinda kushoto anashambulia ubavu wa kulia.

Mjapani Michio Hori aliwahesabu samaki hawa kaskazini mwa ziwa kwa miaka mingi, na mwaka 1993 akatoa matokeo katika jarida la Science. Aliona kwamba idadi ya pande mbili inapanda na kushuka ikizunguka nusu kwa nusu. Kwa nini? Wakiwa wengi wa mdomo wa kulia, samaki wanaoshambuliwa wanajifunza kulinda ubavu wa kushoto. Hapo wale wachache wa mdomo wa kushoto wanapata chakula kwa urahisi, wanazaa zaidi, na baada ya muda mambo yanageuka. Kuwa mchache njo faida yenyewe.

Angalieni msingi wa kazi hiyo: kuvua, kuangalia mdomo umepinda wapi, kuhesabu, kuandika, kurudia miaka na miaka. Vyombo vikubwa vilikuwa macho na uvumilivu. Uvira pia kuna kituo chetu, CRH, kituo cha utafiti wa haidrobiolojia, ambacho asili yake ni ile IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947. Wanafunzi wengi wa bondeni wanapita karibu nacho bila kujua kinafanya nini.

Na mukeke tunayemkaanga? Jina lake la kisayansi ni Lates stappersii, kutokana na Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyekusanya viumbe vya ziwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sina ubaya na jina hilo. Lakini watoto wa wavuvi waliojua tabia za mukeke kabla yake, hatuna karatasi yao hata moja. Kitu kisichoandikwa kinazikwa na mwenyewe.

KAZI YA PILI: MBEGU KWENYE CHUPA

Kazi hii haihitaji safari. Tafuteni chupa za plastiki, pamba ao kitambaa, mbegu za maharagi na za mpunga. Andaeni chupa nne, kila moja mbegu 10 za haragi:

Chupa A: pamba yenye unyevu, hewa, mwanga.
Chupa B: pamba kavu, hewa, mwanga.
Chupa C: pamba yenye unyevu, hewa, lakini ndani ya karatoni iliyofungwa, gizani.
Chupa D: mbegu zimezamishwa ndani ya maji yaliyojaa hadi juu, kifuniko kimefungwa.

Kila chupa inatofautiana na A kwa jambo moja tu. Hiyo njo siri ya jaribio. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeleta tofauti. Na tunaweka mbegu 10 kwa sababu mbegu moja inaweza kuwa ilikwisha kufa zamani ndani ya gunia. Ukiitegemea peke yake itakudanganya.

Kabla ya kufunga, kila mwanafunzi aandike anachotarajia. Wengi wataandika kwamba gizani hakuna kitakachoota. Baada ya siku chache watashangaa: gizani maharagi yanaota, tena yanarefuka kuliko ya mwangani, lakini ni membamba na yamekuwa manjano. Mbegu ina chakula chake ndani ya zile nusu mbili nene, ndiyo maana haihitaji mwanga kuanza. Mmea unarefuka haraka ukitafuta mwanga kabla akiba haijaisha. Hata shambani mbegu inaota chini ya udongo, gizani.

Chupa B haitaota. Katika D maharagi yatavimba, halafu yatanuka na kuoza, kwa sababu mbegu inapumua na ndani ya maji yaliyofungwa oksijeni ni kidogo mno. Mwanafunzi aliyeona shamba la maharagi likikaa chini ya maji baada ya mvua kubwa atakumbuka mara moja.

Sasa ongezeni chupa E: kama D, lakini weka mpunga. Mpunga utachipua chini ya maji! Na angalieni vizuri kinachotoka kwanza. Kwenye haragi lenye hewa ya kutosha, mzizi unatangulia, kwa sababu kazi ya kwanza ni kunywa maji. Kwenye mpunga uliozama, inatangulia ala ndogo nyeupe inayofunika jani. Inakimbilia juu kutafuta hewa kama mtu anayenyoosha mrija, na mzizi unachelewa. Basi lile swali la mwanzo, mzizi ao jani, lina majibu mawili, na yote mawili yako katika mashamba ya Sange.

NA MUHOGO, MAANA UNATULISHA

Kwa darasa lenye kiwanja kidogo, kuna jaribio la muda mrefu linalogusa sufuria ya nyumbani. Chukueni vipande 5 vya mti wa muhogo wenye majani mazuri, na 5 vya muhogo wenye majani yaliyokunjana na madoa ya manjano, ile mozaiki. Vyote viwe na urefu mmoja, udongo mmoja, siku moja ya kupanda, maji sawa. Pandeni mvua zikishashika, Oktoba ao Novemba. Majani yakitoka, pimeni urefu wake kila wiki na kuandika yenye madoa ni mangapi.

Mutaona kwamba vipande vya mti mgonjwa kwa sehemu kubwa vinatoa majani magonjwa tangu mwanzo. Sababu ni hii: muhogo tunaopanda kwa kipande hauanzi maisha mapya kama mbegu. Ni mwili uleule unaoendelea, pamoja na virusi vilivyomo ndani yake. Nzi weupe wadogo pia wanavisambaza kutoka shamba hadi shamba, lakini mara nyingi ni sisi wenyewe tunaobeba ugonjwa begani, tukimwomba jirani miti ya kupanda bila kuangalia majani yake. Mtoto akimwonyesha mama yake namba hizo kwenye kaye, safari ijayo watachagua miti kabla majani hayajaanguka. Ninyi mulio wanafunzi wa kilimo munajua mozaiki inakula kiasi gani cha mavuno. Hiyo si pointi za darasani tena, ni chakula.

KAYE NJO LABO

Kwa kazi zote hizi, kila kikundi kiwe na kaye moja tu ya uchunguzi. Kila ukurasa uanze na tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Ukurasa wa kushoto: nilichoona, nilichopima, nilichohesabu. Ukurasa wa kulia: ninachofikiri. Tusichanganye. "Mbegu 7 kati ya 10 zimeota" ni cha kushoto. "Tatu zilikuwa za zamani" ni cha kulia, mpaka uhakikishe. Matokeo yasiyotarajiwa hayafutwi. Na tusitie namba za uongo ili zifanane na kitabu. Ikiwa zimepingana na kitabu, rudieni jaribio, pengine kuna jambo zuri limejificha hapo.

Kwa ninyi wahitimu mulio nyumbani mukingoja kazi, nina ombi moja. Shule ya karibu nawe ina mwalimu mmoja wa SVT ao wa biolojia mwenye wanafunzi wengi na muda mdogo. Mwendee, umwambie: "Prof, nipe saa moja kwa wiki, nitasimamia chupa." Gharama yake ni kilo moja ya maharagi na chupa zilizotupwa. Masomo yanaanza Septemba. Chupa zinaweza kuanza wiki ya kwanza, muhogo ungoje mvua, na safari ya ufukoni tuipange kulingana na njia.

Mutakaojaribu, tuandikieni hapa namba zenu: mbegu ngapi, siku ngapi, makovu mangapi, kutoka Luvungi, Luberizi, Kiliba, Uvira, hata Kamanyola. Tukizikusanya za shule tano tu, tutakuwa na jedwali la kwanza la kwetu wenyewe, na watoto wataona majina ya vijiji vyao ndani yake.